Kila mtu ana ombi lake kwangu: nimkatalie nani?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kahama, nina miaka 36, mume na watoto wawili. Mshahara unaoingia mkononi ni shilingi 620,000, na akiba yangu ni milioni 4 nilizozikusanya kwa shida. Tangu Januari nimepata maombi matano. Mwalimu mwenzangu anataka nimdhamini mkopo wa milioni 12 kwenye taasisi moja ya mikopo hapa mjini, anasema ni kusaini tu. Kaka yangu anataka kununua bajaji. Wiki iliyopita nilimpa karatasi za kiwanja tunachoishi mimi na mume wangu, akazionyeshe tu. Wenzangu wa kikoba wananitaka niwe mweka hazina, wanasema kazi yenyewe ni kushika tu sanduku. Rafiki yangu ananivuta tulime mpunga, mchango wangu milioni 1.5. Na mkuu wa shule anataka niwe mwalimu wa taaluma. Mimi ni mtu wa kukubali, halafu usiku silali. Nikikataa naonekana nina roho mbaya. Nichague lipi?"*

Mwalimu, kabla sijajibu lolote, zifuate karatasi zako. Leo, usingoje wikendi. Mpigie kaka yako umwambie wewe na mume wako mnazihitaji ndani. Ukizipata, hakikisha hakuna ukurasa uliopungua, kisha muulize bila ukali: amemwonyesha nani, na kuna chochote kilichosainiwa? Huko mitaani kuna wakopeshaji wasioandika mkataba wa mkopo. Wanaandika mkataba wa mauziano, kwamba kiwanja kimeuzwa kwa kiasi fulani, na kwa mdomo wanakubaliana kwamba marejesho yakikamilika karatasi inachanwa. Yasipokamilika, kinachosomwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni mauziano. Kaka yako anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akawa ameketi kwenye meza ya namna hiyo.

Umeshazipata? Haya, tukae sasa.

Umeniuliza uchague lipi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona ungeanza upande wa pili: ni mambo gani usiyaingie kabisa, hata akija kukuomba nani. Ukishayatoa hayo mezani, yanayobaki hayatakunyima usingizi. Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 11 kabla ya kazi hii ya ushauri. Watu niliowaona wakifilisika, wachache sana walifilisika kwa kukosa fursa nzuri. Wengi waliponzwa na jambo moja waliloliingia siku moja, tena lililochukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Nimehesabu kwenye barua yako: neno "tu" limetokea mara tatu. Kusaini tu. Akazionyeshe tu. Kushika tu sanduku. Mpunga hauna "tu", na taaluma haina. Rafiki yako amekutajia kiasi kamili, mkuu wa shule amekutajia kazi kamili. Wale watatu wamekutajia kitendo kidogo na kunyamazia kinachokuja nyuma yake. Hilo neno lizoee kulisikia. Mtu akikuomba kitu akaweka "tu", muulize: baada ya hapo kinafuata nini, na kikiharibika analipa nani?

Tuanze na udhamini, maana ndio mzito kuliko yote, na wengi wanauelewa vibaya.

Wengi wanadhani mdhamini ni shahidi wa tabia: "namfahamu, ni mtu mzuri". Sivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba umesema vingine. Mkopeshaji halazimiki kumfuata mkopaji mpaka achoke ndipo aje kwako. Rejesho likikwama anaweza kuanza na wewe. Wapo pia wanaodhani wakiona mambo yanaharibika watajitoa. Mkopo ukishatolewa, kwa kawaida hujitoi kwa kubadili mawazo. Lazima mkopeshaji akubali, na mara nyingi atataka kwanza mdhamini mwingine akae mahali pako. Halafu wapo wanaotegemea bima. Mikopo mingi ya benki ina bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, kweli, lakini kwa kawaida haimgusi mtu aliyefukuzwa kazi, aliyehama au aliyeamua tu kutolipa.

Nikupe picha moja ya kazi yangu ya zamani. Tulikwenda na dalali kwa fundi cherehani aliyemdhamini jirani yake. Alikuwa anashona sare za shule, vitambaa vya bluu vimejaa mezani, na mguu haukuacha kukanyaga cherehani hata tulipomsalimia. Aliniuliza swali moja: "Mbona mwenyewe hamjamfuata?" Mwenyewe alikuwa amehamia Mpanda na namba ya simu haipatikani. Sikuwa na jibu la kumtuliza, ila jibu la kweli lilikuwa hili: tumekuja kwako kwa sababu unapatikana. Una kibanda, una cherehani mbili na friji ya soda, na mtaa mzima unajua unapolala. Ndiyo maana jirani alikuchagua, na ndiyo maana sisi tulikukubali siku ile. Mdhamini huchaguliwa kwa sababu hapotei.

Wewe hupotei pia. Una cheki namba, ile namba yako ya utumishi, una kituo cha kazi, mshahara wako una tarehe. Na hapa kuna jambo ambalo pengine mwenzako hajakuambia. Mtumishi wa umma ambaye mshahara wake bado una nafasi, kwa kawaida hukopa benki, mwajiri akakata marejesho juu kwa juu, bila kuhangaika na mdhamini binafsi. Kinachozuia ni kanuni ya theluthi moja: makato yote yakiondolewa, lazima mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi. Kwa nini basi mwalimu mwenzako anatafuta mdhamini kwenye taasisi ya mtaani? Inawezekana zipo sababu nyingine. Lakini dhana ya kwanza ya afisa mikopo yeyote ni kwamba mshahara wake umeshakatwa mpaka kwenye theluthi, na anakopa ili alipe alikokopa. Si lazima umshutumu. Mwombe tu akuonyeshe hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita. (Na mimi nimesema "tu", naona. Basi niseme kinachofuata: akikataa kukuonyesha, umeshajibiwa.)

Hesabu yenyewe iangalie kwa karibu. Tuseme amelipa vizuri, akakwama deni likiwa limebaki milioni 9. Hiyo ni mishahara yako zaidi ya 14, mizima mizima, bila kula wala kulipa ada. Akiba yako yote inazima chini ya nusu ya deni hilo. Na akilipa lote mpaka shilingi ya mwisho, wewe unapata nini? Asante. Biashara yoyote ambayo ikienda vizuri unapata asante na ikienda vibaya unapoteza miaka, iepuke hata kama mwenye kuomba ni malaika.

Utaniambia watu wengi hulipa. Ni kweli, wengi hulipa. Lakini wewe ni mtu wa kukubali, umesema mwenyewe, na wenzako wanalijua hilo. Chukulia kwamba kati ya kila wakopaji 10, 9 hulipa bila shida. Ukimdhamini mmoja, uko salama kwa asilimia 90. Ukidhamini watano kwa miaka kadhaa, uwezekano wa wote watano kulipa unashuka hadi karibu asilimia 59. Kila mmoja anaonekana mwaminifu anapokuja ofisini na kalamu, na bado ukiwajumlisha umekaribia kurusha shilingi hewani.

Kuna kosa la kihesabu ambalo hata sisi watu wa fedha hulisahau: hasara na faida havina uzito sawa. Milioni 4 zikipungua nusu, zimebaki 2, na ili urudi ulipokuwa lazima hizo 2 zizae nyingine 2, yaani asilimia 100. Ukiweka akiba 150,000 kwa mwezi, ni zaidi ya mwaka mzima wa kujinyima ili tu usimame mahali uliposimama Januari. Kwa hiyo ninapopima jambo, swali la faida inaweza kuwa kiasi gani nalipeleka mwisho. Kwanza nauliza, likiharibika kabisa, naweza kurudi? Kama siwezi, sipimi tena. Kama naweza, hata liwe na hatari, tunaweza kuzungumza.

Kwa kipimo hicho maombi yako matano yanagawanyika vizuri.

Karatasi za kiwanja ni za kukataa, kama udhamini. Mnaishi hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo hata ungetaka, jambo hili halikuwa lako peke yako. Mume wako anajua karatasi zimetoka ndani? Barua yako haisemi. Kama hajui, mwambie wewe kabla hajaambiwa mtaani.

Lakini kumkatalia kaka karatasi si kumkatalia bajaji. Mjini bajaji nyingi zinaendeshwa kwa mkataba: mwenye chombo anamkabidhi dereva, dereva analeta hesabu kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukiisha chombo kinakuwa cha dereva. Ni ghali kuliko kununua taslimu, sikufichi, na kuna wenye vyombo wanaonyang'anya dereva akibakiza miezi miwili. Ila kikivunjika kinavunjika kwake, kiwanja chenu kipo. Ukitaka kumsaidia, mpe 300,000 za kuanzia, leseni, matengenezo ya mwanzo, na umwambie hazidaiwi. Hizo zina mwisho. Karatasi hazina.

Ndicho ninachotaka ukishike kwenye msaada wa ndugu: toa kitu kinachoisha. Mimi mwenyewe nimedhamini mara moja tu, dada yangu, mkopo wa 800,000 wa ada. Kabla ya kusaini nilihakikisha 800,000 ninayo na kwamba akishindwa nitailipa bila kununa. Alishindwa marejesho mawili ya mwisho. Nililipa, tulikula wote Pasaka. Kama ungekuwa na milioni 12 za kumpa mwalimu mwenzako zawadi, ningekuruhusu usaini.

Uweka hazina wa kikoba uko katikati, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi hukosea kwa kudhani tatizo ni uaminifu. Wewe ni mwaminifu, ndiyo maana wamekutaka. Shida ni sanduku kukaa na mtu mmoja. Vikundi hivi vya hisa vilianzishwa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na mfumo wake ulioenea una sanduku lenye kufuli tatu. Funguo wanashika wanachama watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, watu wanakariri salio la wiki iliyopita. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa wanawatukana wanawake wa vijijini kwamba ni wezi. Walijua kwamba mtoto akiugua homa saa nane usiku na mama ana fedha za kundi chini ya kitanda, atazichukua akidhamiria kuzirudisha, na wewe na mimi tungefanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo jibu lako kwao ni sharti. Kubali uweka hazina kama kuna kufuli tatu na funguo hazikai kwako, au kama fedha zinawekwa benki au kwenye simu kwa utaratibu ambao mtu mmoja hawezi kuzitoa peke yake. Wakisema "tunakuamini bwana, hayo ya nini", kataa cheo na ubaki mwanachama. Kundi lisilotaka kufuli linakuomba uwe kufuli wewe.

Mpunga sasa. Hapa nitakushangaza: kati ya mambo ya fedha, huu ndio ningeukubali, kwa tahadhari. Unaweza kupoteza milioni 1.5 yote. Majaruba yanategemea mvua, mvua ikikata mpunga unapochanua mnabaki na majani ya ng'ombe. Bei nayo huanguka mavuno yanapoingia sokoni, wakati ambao kila mtu ana shida ya fedha na kila mtu anauza. Hata hivyo hasara yako ina ukuta: ikifika milioni 1.5 imefika. Utaumia, utabaki na milioni 2.5, kiwanja na mshahara.

Ila hatari ya kilimo cha ubia kwa mtu mwenye kazi haipo kwenye ule mchango wa kwanza. Ipo kwenye simu ya mwezi wa tatu: "Mwalimu, ongeza laki mbili tumalizie palizi, tusipoteze tulichoweka." Halafu laki ya kufukuza ndege, halafu laki ya magunia. Kwa hiyo amua leo, andika na umwonyeshe rafiki yako: mchango wangu ni kiasi hiki, hakuna nyongeza, na gharama za palizi na kuvuna ziwe ndani yake. Mimi ningeanza na 700,000 na eneo dogo. Nenda shambani kabla maji hayajaingia, muulize jirani wa shamba, siyo rafiki yako, mwaka jana palitoka gunia ngapi. Akisita kukupeleka, akiba yako ibaki ilipo.

Taaluma sitaisemea sana. Ni saa zako, na mwisho wa mwaka unaweza kuirudisha. Muulize mkuu atakupunguzia vipindi vingapi na kama utatolewa kwenye zamu. Asipopunguza kitu, atakuwa amekuongezea kazi ya pili kwa mshahara ule ule, na madaftari ya kusahihisha utayabeba nyumbani. Akipunguza, ni uzoefu mzuri.

Nirudi kwenye roho mbaya, maana nadhani hapo ndipo usingizi unapopotelea. Ombi huja na sura ya mtu. Amesimama mbele yako, mmekula naye, anajua majina ya watoto wako. Deni likija miaka miwili baadaye halina sura, ni barua. Ndiyo maana mbele ya mtu moyo unachagua kumridhisha aliyesimama hapo, na hesabu zote nilizokuandikia zinayeyuka. Haupo peke yako, mimi pia huyeyuka. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuamua kabla hujaombwa, pamoja na mwenzako wa ndani, mambo mawili matatu ambayo nyumba yenu haifanyi: hatudhamini, karatasi za kiwanja hazitoki, kadi ya benki na namba ya siri hapewi mtu. Hilo la mwisho naliongeza kwa sababu ya wakopeshaji wa kausha damu wanaoshikilia kadi za walimu na kujitolea mshahara wenyewe kila mwisho wa mwezi. Ukiwa na uamuzi huo, unapokataa hujamhukumu mwombaji. Unamwambia: "Mwenzangu, nyumbani tuliamua hatudhamini mtu yeyote, hata kaka yangu nimemkatalia." Na ni kweli, umemkatalia.

Sitaki uondoke hapa ukiwa mtu wa kuepuka kila kitu. Nimewaona na hao: hawachangi, hawaingii kikoba, hawashirikiani na mtu kulima, na siku ya msiba wanakaa peke yao na turubai la kukodi. Kwetu hapa kikoba na ndugu ndio bima ambayo wengi wetu tunayo, na bima hiyo hulipiwa kwa kushiriki. Orodha ya mambo ya kuepuka iwe fupi. Ikizidi matatu au manne, chunguza kama si woga umevaa suti. Na mwenzako atanuna, tena pengine muhula mzima. Nimeona urafiki ukipona baada ya "hapana" mara nyingi. Baada ya dalali kuingia uani, nimeona mara chache mno.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kama kaka yako alishasaini chochote kwa karatasi zako, au kama wewe umeshatia saini popote, hata kwenye fomu tupu, usingoje: chukua nakala umwone wakili wiki hii. Gharama ikiwa kubwa, uliza ofisi ya halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Taasisi ile ya mikopo nayo ihakiki. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji hao wanatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu ina orodha yao. Kukiwa na mtu anayekutisha nyumbani au kazini ili usaini, hilo si suala la ushauri wa fedha tena, nenda dawati la jinsia polisi. Na kukosa usingizi kukiendelea hata baada ya maombi haya kumalizika, mwone daktari.

Mwalimu mwenzako mwambie kesho asubuhi, kabla ya kengele, uso kwa uso. Usimwambie "nitaangalia". Ukimwambia kesho ana siku kadhaa za kutafuta njia nyingine. Ukimwambia siku ya kusaini, taasisi imeshamwita na nauli ameshalipa, hana kitu.